Bomba la Baridi Lililonitoa Mbio Msalani

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kichochoroni. Ukumbini, juu ya zulia, mbele ya watu wa tai!

Mnajua bado niko kwenye miezi ya majaribio hapa hotelini Garhoud, Dubai. Leo ndiyo siku madam, msimamizi wetu, alikuwa aamue kama nabaki au narudishwa Malindi. Jana aliniambia, "Mwanajuma, kesho nataka utulivu." Nikamjibu inshallah, madam. (Utulivu! Mimi!)

Kwa kawaida nahudumu kifungua kinywa, nikimaliza napanda basi la kampuni kurudi Al Quoz tunakolala wafanyakazi. Leo nikapangiwa mchana, kugawa kahawa kwenye mkutano wa watu wa nishati. Nikaingia na birika langu, masikio wazi.

Bwana mmoja mwenye nywele zilizolala vizuri mno alikuwa anaeleza namna ya kutoa gesi. Eti unachimba kisima, unasukuma maji yenye dawa kwa nguvu mpaka miamba ipasuke huko chini, gesi itoke. Mgeni mmoja akauliza, "Na maji ya visima vya watu?" Bwana akatabasamu. "Yako salama kabisa." Na ardhi kutikisika? "Kidogo sana, hamtahisi." Mimi mtu akiniambia kitu ni salama kabisa huku anatabasamu, nashika pochi yangu. Hata bibi aliyekuja kunadi umeme wa jua sikumwamini. Alipoulizwa betri zikifa zinatupwa wapi, akaanza kusifu kahawa. (Kahawa yenyewe ilikuwa imepoa.)

Adhuhuri ilipofika nikaponyoka kwenda kutia udhu. Nimefika tu msalani, sakafu ikatetemeka. Nikatulia. Ikatetemeka tena! Nikachungulia dirishani. Kwenye maegesho ya magari kulikuwa na wanaume wenye kofia ngumu, na mtambo unatoboa ardhi. Hee! Kumbe hawa hawajaja kuongea tu!

Nikafungua bomba la baridi, lile la alama ya buluu. Maji ya moto! Si vuguvugu, ni yale ya kunyonyolea kuku. Nikarukia la alama nyekundu. Baridi! Nikajua khalas, basi tena, miamba imeshapasuka huko chini na maji yamevurugika. Nikawawaza wale wageni na glasi zao. Nikaiwaza na kazi yangu, siwafichi. Lakini ninyamaze watu wadhurike, usingizi nitaupata wapi?

Nikaingia ukumbini mbio, mikono inachuruzika, ushungi umekwenda upande. "Msinywe maji! Wanachimba hapo nje! Maji yameshaharibika!"

Mgeni mmoja akatema alichokuwa nacho mdomoni kwenye leso. Bwana wa gesi akabadilika rangi. Madam alikuwa mlangoni. Akafumba macho.

Akaitwa Hamza, fundi wa hoteli, Mganda. Nikamweleza yote mbele ya watu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, hiyo maji haitoki chini. Inatoka juu, kwa tangi ya paa. Jua ya Dubai ndiyo inapika. Na hii ya nyekundu, hita tumezima, maji inakaa ndani kwa kivuli, inapoa. Joto ikianza hapa, kila mtu anaoga na nyekundu. Hukujua?"

(Nilikuja wakati wa baridi, na kule Al Quoz naoga alfajiri. Ningejuaje?)

"Na wale wanaotoboa?" nikauliza.

"Wanasimamisha nguzo za paa la sola, magari ikae chini yake."

Bibi wa umeme wa jua akainuka akapiga makofi. "Mmeona, waungwana? Jua limechemsha maji ya hoteli nzima na hakuna aliyeliomba!" Akanivuta mbele, akainua viganja vyangu vilivyoiva ili ukumbi mzima uvione. Nimekuwa kielelezo, jamani! Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni bwana wa gesi. (Alifurahi kwamba suala la visima vya watu limesahauliwa. Mimi sijasahau.)

Madam akaniita ofisini.

"Kuna mtu aliyewahi kukwambia kuhusu maji ya hapa wakati wa joto?"

"La, madam."

"Kwa hiyo uliamini kweli yana sumu. Na badala ya kukimbilia nje, ukakimbilia kwa wageni."

"Ndiyo, madam."

Akatia sahihi karatasi yangu ya majaribio. "Unabaki."

Nikalia papo hapo, sikuona haya.

"Ila kuanzia kesho uko chumba cha kufulia," akasema. "Kule hakuna mikutano."

Nikakubali upesi kabla hajafikiria tena. Sasa niko kwenye basi la kampuni. Humu wote wameshanicheka, dereva hata kasimamisha gari ili acheke vizuri, kwa hiyo nyinyi mashoga zangu mnaweza kupumzika.