Namna Nilivyobadilika Kabla ya Pasaka

Jumatatu, 16 Machi

Leo kidato cha pili, wahusika. Nimewaambia kuna mhusika bapa: anaingia kwenye hadithi akiwa mchoyo, anatoka akiwa mchoyo. Kuna mhusika duara: mambo yanampata, anajifunza, anabadilika. Nimeeleza vizuri sana. Mwaka wa ishirini na saba huu naeleza hivyo hivyo, kwa mifano ile ile, na haijawahi kuniangusha.

Kisha Tadea, msichana wa dawati la mbele, asiyeandika kitu mpaka akiamini, akanyoosha mkono. Akauliza mimi ni yupi kati ya hao. Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba walimu hawamo kwenye hadithi, akae.

Lakini swali limenifuata mpaka nyumbani. Maana leo ni wiki ya tatu mke wangu Gertruda yuko Lundo, ziwani, kwa dada yake Bonifasia. Aliaga kwamba anakwenda kusalimia. Mtu haendi kusalimia na sufuria zake zote! Chanzo ni uyoga. Niliona jiko lake lina giza na unyevu, mahali pazuri kabisa kwa kilimo cha uyoga, nikapanga humo mifuko arobaini siku alipokwenda sala ya jumuiya. Nilitaka imshangaze. Alirudi akakuta mafiga yake yako nje, yananyeshewa. Mwaka juzi walikuwa bata ndani ya chumba cha wageni, na kabla ya bata ile mizinga ya nyuki. Safari hii hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Wendelin aliyemkuta Lundo tukiwa vijana ndiye mimi huyu huyu, na siku nitakapobadilika nimjulishe.

Nimjulishe! Basi njia nimeipata. Kesho natoa insha: "Mtu Aliyebadilika Kijijini Kwetu." Wanafunzi wataandika juu yangu, nami nitamtumia Gertruda zilizo nzuri. Mimi anaweza asiniamini. Watoto wa watu atawaamini. Pasaka tutakula pamoja.

Jioni nimemimina chai barazani, kwenye vikombe vile vya enameli vyenye ukingo wa bluu, tulivyonunua Lundo mwaka wa kwanza wa ndoa. Chake kikapoa. Nikakinywa mimi. Chai haitupwi.

Jumanne, 17 Machi

Insha nimeitoa, ya kukusanya Jumatatu. Sasa kuna jambo dogo: hawawezi kuandika kwamba nimebadilika kama hawajaniona nikibadilika. Lazima nibadilike hadharani, saa watu wanapopita.

Saa tisa na nusu, wanafunzi wakitawanyika, nikatoka barabarani na ndoo ya maji kichwani. Mwanamume wa Kimatengo wa umri wangu, ndoo kichwani! Hiyo ni habari. Nilikuwa nimefika nusu ya kilima, watoto wamesimama kunitazama, nani akatokea? Mansuetus. Akaniuliza, kwa sauti, kama lile bomba la uani kwangu limeharibika. Nikasema nanyoosha shingo. Nikaigeuza hiyo shingo nimtazame vizuri, na maji yote yakaingia ndani ya shati.

Mansuetus anafundisha Jiografia, na shamba lake la kahawa liko chini ya langu. Tulipangiwa kazi Lundo pamoja, vijana wawili wa milimani, na mashati ya mikono mirefu kwenye joto lile. Yeye alijua kuogelea baada ya wiki mbili. Mimi niliingia ziwani mpaka magotini, wimbi likaja, nikapiga yowe, nikatoka. Gertruda alikuwa akianika usipa, dagaa wa ziwani, mchangani na mama yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda kwa kicheko kile, na nikikifikiria sasa moyo unauma. Mansuetus naye alimpenda, ila alichelewa kusema. Tangu hapo hapitishi wiki bila kunikumbusha kwamba anajua kuogelea. Hapa Maguu, milimani! Ambako hata bwawa hakuna!

Alhamisi, 19 Machi

Wazo kubwa zaidi. Shamba la maharage la Gertruda liko mteremkoni nyuma ya nyumba, na ngolo zake hazijachimbwa kwa sababu mwenyewe hayupo. Desturi yetu inajulikana: mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mistari ya kushuka na mistari ya kukata. Mwanamke anachimba katikati ya mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Inabaki ngolo yenyewe, shimo lililozungukwa na matuta, mvua ikija inatulia humo. Mimi nitafanya kazi zote mbili. Peke yangu! Kisha picha kwa Gertruda.

Ngolo ya sita, mgongo ukagoma. Nikaketi nikafikiri. Picha itapigwa kutoka chini. Kutoka chini yanaonekana matuta ya kushuka tu. Basi mistari ya kukata ya nini? Nikairuka yote. Kwa saa tatu nimemaliza shamba zima. Picha imetoka nzuri mno, nimeituma. Ameiona. Hajajibu.

Niandike na hili, maana hakuna anayesoma daftari hili. Mama alikuwa akichimba ngolo huku anaimba, na sisi watoto kila mmoja na shimo lake, nyumba yake, tukitembeleana siku nzima. Majani mabichi yakifunikwa yalikuwa na harufu tamu. Leo nimeinama nikaisikia ile ile. Nikaingia kwenye shimo moja, mtu wa miaka hamsini na minne, nikakaa, nikalia kidogo. Mama hakuwahi kuruka mstari hata mmoja. Halafu nikanyanyuka, nikaenda kutafuta mahali pazuri pa kupigia picha.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua! Tangu alfajiri. Matuta yangu ya kushuka yamegeuka mifereji, na udongo wa Gertruda umehamia wote kwenye kahawa ya Mansuetus.

Saa mbili akabisha hodi, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali, yote yanahusu kuogelea. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kama naumwa. Alisema hata mtoto wa darasa la pili hapa Maguu hawezi kuacha mistari ya kukata, kwa hiyo ama naumwa ama nina jambo. Akaomba fyekeo, mvua ilipopungua akashuka shambani na kuanza kulaza majani upya. Nikamfuata na jembe. Yeye analaza, mimi nachimba. Kwa kazi hiyo mimi ndiye niliyekuwa mke, na ninamshukuru Mungu kwamba hakulisema.

Adhuhuri Abdulhamid mwenye duka akatuletea pilau ya Idi. Tukala sahani moja, tumekaa tutani. Nikakumbuka sengu ya babu: kila nyumba ya ukoo inaleta chakula uani kwake, wanaume wote wanakula pamoja, na waliogombana jana wanakalishwa sahani moja makusudi. Ile sengu imekufa, kila mtu anakula kwake na mlango umefungwa. Nilitaka kumwambia Mansuetus kwamba ninaikumbuka. Nikiwa bado natafuta maneno akasema msimu huu maji ya Lundo ni ya vuguvugu. Mazuri kwa kuogelea.

Nikamezea.

Jumatatu, 23 Machi

Insha thelathini na nne. Nimezisoma moja moja.

Kumi na tisa wameandika juu ya Mansuetus! Eti zamani alikuwa wa fimbo, siku hizi anawauliza wana shida gani. Kumi na mmoja wamemwandika katekista aliyeacha pombe. Wawili, mama zao. Mmoja, mbuzi wa parokia. Ndoo yangu ya maji hakuna aliyeitaja.

Ya mwisho ni ya Tadea, na amebadilisha kichwa cha insha bila ruhusa: "Mtu Asiyebadilika Kijijini Kwetu." Sentensi ya kwanza: Mwalimu wangu wa Kiswahili ni mhusika bapa. Sikuendelea. Niliandika kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya swali, nikaisukuma kando.

Basi ukitaka kazi ifanyike, ifanye mwenyewe. Nimechukua karatasi ya mitihani, nikaandika insha kwa mkono wa kushoto, nikatia makosa machache ya tahajia ili ipendeze. "Mwalimu Wendelin zamani alikuwa haambiliki. Siku hizi anashaurika mpaka inatisha. Akitaka hata kuhamisha kuku anauliza kwanza." Na mwisho: "Mke wake ana bahati ambayo haijui." Nimeisahihisha na kuipa arobaini na nane kwa hamsini. Nimeitia kwenye bahasha, nimegundisha, nimempelekea Abdulhamid. Kesho anateremka Lundo kuchukua usipa, ataikabidhi mkononi kwa Gertruda.

Jumatano, 25 Machi

Nimekwisha.

Nimerudisha insha darasani. Tadea akasema yake haipo. Nikamwambia atazame vizuri. Kiranja akasema kuna moja haina jina, na kabla sijamfikia akaanza kuisoma kwa sauti. Anashaurika mpaka inatisha! Darasa zima likalala juu ya madawati kwa kucheka. Tadea peke yake hakucheka. Alisema aliyeandika insha ile hamjui mwalimu.

Yaani ile ya mkono wa kushoto nimebaki nayo mwenyewe. Iliyokwenda Lundo ni ya Tadea. Mhusika bapa, kwa maandishi, na saini yangu nyekundu chini!

Nilikimbia mpaka dukani kwa Abdulhamid, chaki mkononi. Alikuwa ameshafika na kurudi. Nikamuuliza Gertruda alisemaje. Akasema alimkabidhi mkononi. Alifungua bahasha akiwa amesimama, akasoma, akakaa chini mchangani. Nikauliza kama alikuwa analia au anacheka. Abdulhamid akasema alikuwa amejifunika uso na kitenge, na yeye alikuwa anapakia usipa.

Chai nimemimina. Vyote viwili vimepoa.

Ijumaa, 27 Machi

Saa kumi gari la Abdulhamid limesimama hapa mlangoni. Ameteremka Gertruda. Kisha sufuria. Nilizihesabu: zote.

Nilisimama tu, fagio mkononi. Nikamwamkia mke wangu kama mgeni wa serikali. Yeye akapita moja kwa moja mpaka nyuma, akatazama ngolo zake. Akasema majani haya yamelazwa na Mansuetus. Akasema na matuta haya yaliyopinda, aliyeyachimba anamjua. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, juu ya tuta, na mimi nikaona mchanga wa Lundo na usipa unaong'aa na msichana niliyetaka kumwoa kabla sijajua jina lake. Nilimwambia nimemkumbuka sana. Nilimwambia hivyo hivyo, bila mpango wowote.

Akatoa karatasi ya Tadea kwenye pindo la kitenge, akaniamuru niisome kwa sauti. Nainakili hapa:

"Mwalimu wangu wa Kiswahili ni mhusika bapa. Nyumba yetu inatazamana na baraza lake. Mama, mke wake, alipokuwepo, kila jioni mwalimu alimimina chai vikombe viwili. Sasa mama hayupo, na bado anamimina viwili. Anakunywa kimoja, kile kingine anakitazama mpaka kipoe, halafu anakinywa na chenyewe. Kila siku nadhani leo atamimina kimoja. Hajamimina kimoja. Kwa hiyo habadiliki."

Nilifika katikati, akamalizia yeye bila kutazama karatasi. Alikuwa ameikariri.

Akasema picha ya ngolo ilimfanya aazimie kuongeza wiki mbili Lundo, maana ulikuwa uongo ule ule. Karatasi hii ndiyo iliyomfanya afunge sufuria. Akasema mtu aliyebadilika yeye hamjui, angerudi kwake kufanya nini? Ila ana sharti moja. Uyoga utoke leo, na chochote kikitaka kuingia ndani ya nyumba hii kwanza anaulizwa yeye. Nikaapa. Nimebeba mifuko arobaini mpaka kwenye shimo la takataka, nikarudisha mafiga jikoni. Akapika usipa. Mansuetus aliitwa, akaja, akala nasi, na nilimvumilia.

Jumapili, 29 Machi. Matawi

Tumetoka kanisani bega kwa bega, kila mtu na tawi lake. Gertruda yuko jikoni, anaimba. Nimekaa barazani kupima mambo kwa utulivu, kama msomi.

Ukweli lazima usemwe: mpango wangu umefaulu. Nilipanga insha, insha imemrudisha, na Pasaka bado wiki nzima. Nimempa Tadea arobaini na tisa kwa hamsini. Alama moja nimeikata kwa sababu uandishi ni mzuri lakini hoja si sahihi. Mimi ni duara. Mwenye macho anaona.

Nilipokuwa narudisha sufuria za Gertruda nimegundua kitu. Ndani ya ghala lake la mahindi, upande wa kushoto, ni pakavu, hapana upepo, na hapatumiki mpaka mavuno. Katekista ana sungura sita, dume mmoja na majike watano, anawatoa bure kwa mtu mwenye nafasi. Ifikapo Krismasi wanaweza kuwa mia! Gertruda atafurahi mno. Sharti nimelikumbuka, nitamuuliza. Nitamuuliza wakishazoea mazingira, maana mtu hawezi kujibu juu ya sungura ambao hajawaona.

Wanakuja kesho saa nne, yeye akiwa shambani. Ananiita, chai iko tayari. Ameimimina mwenyewe leo, vikombe viwili.