Simba wa Pijo la Mzee Ndaki

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kutoka Kharumwa hadi Chato hakuna gari la zamani lililowahi kupendeza bila mkono wangu mimi, Mjomba Maganga. Wazungu wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi walinifuata kwa helikopta. Nilikataa. Nilikuwa nakula.

Leo Mama Ndaki kaniletea nembo ya Pijo 404 ya marehemu baba mkwe wake, mzee Ndaki. Simba wa bati, kasimama kwa miguu ya nyuma. Jumamosi ukoo unamkabidhi gari kijana wa huyu mama, Ndaki, aliyerithi jina la babu. Bila simba huyo wazee hawabariki, na shemeji yake Onesmo atalivuta gari akaliuze chuma chakavu. Kaniomba nimsafishe tu, nisimchokonoe.

Mdomoni mwa simba palikuwa na puti nyeupe ya kizamani, ile ya kuzibia matundu kabla ya rangi. Nimeikwangua yote kwa msasa. Safi!

Jumanne, 8 Julai
Puti imerudi! Ileile, mdomoni, mbichi. Na kabati nilimomweka lilikuwa na kufuli, ufunguo shingoni mwangu!

Nimemfuata Marwa wa ng'ambo ya barabara, mbandika stika anayejiita fundi, nikijua ni mchezo wake. Kacheka. Eti tangu lini fundi mzima anagombana na puti, nikapumzike kivulini. Mshenzi. Nimekwangua tena, nikapaka nyekundu.

Jumatano, 9 Julai
Rangi haikauki. Jua lote hili! Nimemgeuza simba aangalie ukuta. Nimerudi na chai, anaangalia mlango.

Mke wangu Limi kainusa ile nyeupe niliyoikwangua, kaniuliza tangu lini puti inanuka mtama. Ni unga! Mzee Ndaki alikuwa akiinyunyizia mizimu ya ukoo unga huo mdomoni mwa simba kabla ya kila safari. Nami nimewakwangulia wazee chakula mdomoni. Limi kasema nimrudishe simba, nikiri, niombe radhi.

Nikiri? Mimi?

Alhamisi, 10 Julai
Mpango! Nimechonga simba mwingine kwa mfuniko wa sufuria. Rangi ya dhahabu. Mkia umetoka wa mbuzi, ila ukisimama mbali ni simba. Yule wa kweli bado ananata, nimemfungia sandukuni chini ya mablanketi. Sanduku linakwaruza. Panya, bila shaka.

Limi anatafuta mfuniko wake.

Jumamosi, 12 Julai
Ukoo mzima uani kwa Mama Ndaki. Onesmo kaja na kamba ya kuvutia gari tayari begani. Mama Ndaki kamtazama simba wangu muda mrefu, kisha kauliza kwa upole kama mzee amekonda. Nikamwambia ni dhahabu ya Buzwagi, kipindi cha baridi hunywea.

Mzee Luka, mkubwa wa ukoo, akanyunyiza unga, akaliita jina la marehemu mara tatu. Ndipo honi ya Pijo ikalia.

Si pale uani. Kwangu, nyumba ya nne! Na Pijo lile lilikufa honi kabla kijana Ndaki hajazaliwa.

Watu wote wakageuka kunitazama. Onesmo akaanza kuikunjua kamba. Mama Ndaki hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjomba, nenda ukamlete mzee."

Nikaenda. Sanduku lilikuwa la moto. Simba amekauka vizuri, mdomo mweupe. Nikamleta nimempakata kwa mikono miwili, akafungwa mahali pake. Luka akabariki, Ndaki akapewa ufunguo. Onesmo akaondoka na kamba yake bila kuaga.

Jumapili, 13 Julai
Jamaa wa Chato kapiga simu. Ana nembo ya lori la Bedford la marehemu baba yake, anaomba nimsafishie taratibu. Nimemwambia alete haraka. Hajafika, na mimi nimeshaanza kuchonga pacha wa nembo hiyo. Woga tumwachie Marwa.

Ila niandike jambo moja, kwa kuwa humu hasomi mtu. Nikitoka kanisani nilipita kwa lile Pijo. Hapakuwa na mtu. Nikavua kofia, nikaliamkia shikamoo.

Nikasimama kusubiri marahaba.