Sifuri Iliyosomwa Vizuri

Kwa furaha isiyo na kifani, Kitengo cha Usomaji wa Umeme Unaorudi Gridini kiliutangazia umma kwamba mita zote za wananchi wenye sola zimesomwa, hakuna hata moja iliyorukwa, na kwamba umeme wa jua uliorudishwa na wananchi hao kwenye nyaya za taifa ni sifuri. Mwezi uliotangulia ulikuwa sifuri vilevile. Kitengo kilijipongeza kwa kuwa na takwimu thabiti, zisizoyumba, wakati idara nyingine bado zinahangaika na takwimu zinazopanda na kushuka kama homa.

Aliyesoma tangazo hilo alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Kitengo. Alikuwa amekaimu miaka sita, hata mkewe alishazoea kumwita Kaimu, na mtoto wao wa mwisho alidhani hilo ndilo jina la baba. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu, neno hilo la mbele liondoke, abaki Mkurugenzi kamili. Safari hii lilikuwa karibu kuondoka. Katibu Mkuu alikuwa amekubali kuja mwenyewe kuzindua sola juu ya paa la Kitengo, na watu wa ghorofa ya juu walikwisha mnong'oneza Kaimu kwamba uzinduzi ukienda salama, cheo ni chake.

Aliyemnyima usingizi alikuwa mama mkwe.

Bibi huyo aliishi kwa kuuza vifaranga. Alikuwa na mashine ya kuangulia mayai, na kwa ushauri wa Kaimu mwenyewe akaweka sola juu ya paa. Mpango ulikuwa mzuri. Mchana jua liendeshe mashine na ziada iende gridini ihesabiwe kuwa yake, kisha usiku atumie umeme wa gridi aliokwisha ulipia kwa tokeni. Lakini jua likiwaka sana, uniti zake ziliisha upesi. Siku za mawingu zilidumu.

Kaimu alikwenda kumsikiliza, akaketi kwenye ncha ya kiti kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mayai yangu yamepoa tena."

"Pole sana, mama."

"Jana jua kali, mita imekula uniti zote jua halijazama. Umeme ukakata, mashine ikapoa, trei nzima imeharibika. Juzi mvua kutwa, uniti hazikuguswa. Hii sola inanipa au inaninyang'anya?"

Kaimu aliinuka, akavaa uso wa kazi, akabonyeza kwenye mita namba ya kuonyesha umeme uliotoka. Kioo kikatafakari, kisha kikaleta jibu.

"Imesomwa vizuri, mama. Sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri safi kabisa. Inawiana na takwimu za kitaifa."

"Basi ziada ya paa langu inakwenda wapi?"

"Kitaalamu, mama, umeme hauna tabia ya kuaga."

Tusimsingizie, roho ilimuuma. Alijua fika tatizo liko wapi. Mita zile zilinunuliwa kabla ya mtu yeyote kuwaza kwamba paa la nyumba linaweza kupeleka umeme kwa serikali, na zilijua jambo moja tu, kwamba umeme ukipita mlangoni umetumika. Uingie, utoke, kwao yote ni matumizi, na mwenye nyumba anakatwa uniti. Uniti zikiisha mita inakata umeme, na sola zile zikikosa gridi huzima nazo, hata jua liwake vipi. Kuzipanga upya, zihesabu unaoingia mbali na unaotoka mbali, haikuwa kazi kubwa. Ila kuzipanga upya ni kukiri kwamba zile sifuri zilikuwa za uongo, na Kaimu alikuwa anapanda cheo kwa ngazi ya sifuri.

"Suala lako nitalifikisha kwenye Kamati Ndogo ya Mwelekeo wa Mkondo," alisema.

"Inakaa lini hiyo?"

"Inasubiri viti."

Mama mkwe alifunga mlango wa mashine. "Nimeweka mayai mengine, baba. Na haya yakipoa, sina biashara tena."

"Nimekuelewa, mama."

"Kunielewa hakuatamii mayai."

Siku ya uzinduzi ilifika, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la dawa. Kaimu alikuwa ameamuru paa lote lijazwe sola, kwa hoja kwamba Kitengo hakiwezi kuwa na paa la kinyonge. Mita ya jengo ilikuwa ndugu moja na ya mama mkwe, ilitoka kwenye shehena ileile. Lakini msimamo rasmi wa Kitengo ulikuwa kwamba mita hizo hazina kasoro, kwa hiyo hakuna mtumishi aliyejaribu kuikagua. Ingekuwa utovu wa nidhamu.

Watumishi wote walitolewa uani kupiga makofi. Ndani ya jengo hakuna feni iliyozunguka wala kompyuta iliyowashwa. Jua lote la paani likatiririka kwenda gridini. Mama mkwe aliketishwa mstari wa mbele, kwa wadhifa wa mdau.

"Mheshimiwa Katibu Mkuu," Kaimu alianza, "jua hili ni mshirika wetu wa kimkakati, na kadiri linavyozidi kuwaka..."

Kipaza sauti kikafa.

"Ni hali ya mpito, Mheshimiwa," Kaimu alipaza sauti. Mhasibu alitimua mbio, akanunua tokeni, akaingiza tarakimu zake. Umeme ukarudi, makofi yakapigwa. Kaimu akafika tena pale pa "kuwaka", na kipaza sauti kikafa tena.

Katibu Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. "Kaimu, mbona jua likiwaka umeme unakatika?"

Kaimu alinyoosha tai. "Kitaalamu, Mheshimiwa..."

"Funikeni, baba," ilisikika sauti kutoka mstari wa mbele.

"Mama, tafadhali..."

"Msiniangalie hivyo, huyu ni mkwe wangu, siwezi kumwacha aadhirike," mama mkwe aliwaambia wageni. "Funikeni paa. Mimi tangu wiki iliyopita nazifunika sola zangu kwa mashuka. Jua likitoka nafunika, mvua ikija nafunua. Uniti zinakaa, na mayai yangu sasa hivi yanatotoa."

Katibu Mkuu alilitazama paa, akamtazama bibi, akasema, "Funikeni."

Ndipo Kamati Ndogo ya Mwelekeo wa Mkondo ilipokutana kwa mara ya kwanza, juu ya paa, na suti zao, wakiburuta bango la uzinduzi, zulia jekundu na mapazia ya ukumbi wa mikutano. Vitambaa vikapungua. Kaimu akavua koti, akafunika kipande. Sola moja ikabaki inachungulia, na kwa kuwa Kitengo hakiachi kazi nusu, akajilaza juu yake mwenyewe, mikono na miguu ameipanua.

Mhasibu akaingiza tokeni nyingine, na umeme haukukatika tena. Katibu Mkuu alizindua sola kwa umeme wa gridi, kisha akaenda kwenye mita na kubonyeza namba ya umeme unaotoka. Ilikuwa sifuri, na safari hii ilikuwa ya kweli.

"Umekaimu muda gani?" aliuliza, akitazama juu.

"Miaka sita, Mheshimiwa!" Kaimu alijibu kutoka paani, na moyo wake, masikini, ukaruka kwa matumaini.

"Mita zote zipangwe upya. Uanze na ya huyu mama, leo hii, kwa mkono wako."

"Sawa, Mheshimiwa." Alisita kidogo. Nafasi kama hii haiji mara mbili. "Niende kama Kaimu, Mheshimiwa, au niende kama Mkurugenzi?"

Katibu Mkuu alikuwa amekwisha fungua mlango wa gari.

"Nenda kama mkwe."