Fomu za Mguu wa Baba Osewe

Jumanne, 10 Juni 2025

Na huyo Nelima akacheka! Joan, andika hiyo kwanza, mengine utaweka baadaye. Alicheka mbele ya Sista Nyawira, nesi mkubwa wa mradi wetu wa kuuguza watu nyumbani. Meno yote nje. Nelima ni mhudumu mwenzangu, anatoka mtaa wa Congo, kule Kawangware. Alifika Form Two, na anaibeba hiyo Form Two kama udaktari. Mimi sijakalia dawati hata siku moja. Lakini nimezalisha watu hapa mtaani kwetu Lindi kabla mamake Nelima aolewe.

Kilichomchekesha ni mguu wa Baba Osewe. Si unamjua, Mzee Oyoo, fundi wa viatu. Ako na sukari, na kidonda ya kisigino imekataa kupona. Mimi naenda kila siku, naosha, nafunga. Sista anakuja mara mbili kwa wiki, anatoa nyama iliyooza, anampea dawa. Bila Sista huo mguu unaenda. Hiyo hata nzi wanajua.

Sasa Sista akasoma fomu zangu kwa sauti. Jumatatu, mgonjwa anaendelea vizuri. Jumanne, anaendelea vizuri. Akafika Ijumaa, anaendelea vizuri. Na Ijumaa haijafika! Si ni vile nilikuandikisha wiki yote mara moja, Joan, kabla uingie kwa hizo uniform zako. Ukianza kushona huinui kichwa.

Sista akasema mradi unalipia mgonjwa ambaye bado ako na kazi ya nesi. Kama anaendelea vizuri kila siku, basi amepona, anatolewa. Nikamuuliza, sasa ningesema aje? Mtu akiulizia mgonjwa, unajibu anaendelea vizuri. Marehemu mzee wangu aliendelea vizuri mpaka tukamzika. Ukisema mtu ni mbaya, halafu aende, wanasema ni mdomo wako ulimpeleka. Sista akasema fomu haijakuja kusalimia mgonjwa. Fomu inataka upana wa kidonda, rangi, harufu. Na iandikwe siku ile ile, hapo kando ya kitanda. Kitu haijaandikwa, haikufanyika.

Yaani miaka yote hii sijafanya kitu! Amenipea mpaka Ijumaa nirudishe fomu zingine.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda ofisi ya Kawangware kumchimba Nelima kwa ujanja. Nikajifanya nimesahau tu kidogo. Nikamuuliza ni mgonjwa gani mradi unakubali. Akakaa vizuri kwa kiti, akakohoa kama mwalimu mkuu. Akasema kwanza kabisa, awe ni mtu hawezi kutoka nyumbani bila kusaidiwa. Akainua kidole aendelee. Sikungoja amalize. Nimpatie raha ya kunifundisha? Nikasema asante mama, hiyo naijua, nikajiendea.

Mvua imeninyeshea mpaka nyumbani. Viatu vimeharibika, na fundi wa viatu ndiye huyo amelala.

Alhamisi, 12 Juni

Leo tumeandika fomu za nguvu. Hatoki. Hainuki. Hageuki. Kidonda ni kama sahani. Wewe Joan ukaniambia sahani inashinda mguu wenyewe. Tukaweka kisosi. Ukaniuliza pia kama ni ukweli. Ukweli nitautoa wapi na kesho ni Ijumaa?

Lakini nikuambie kitu. Leo nikifungua bandeji, kidole kidogo cha mguu kilikuwa cheusi. Nikakigusa, mzee hakusikia. Nikakifinya. Alikuwa ananihadithia vile mafundi wanashona viatu vya siku hizi na gundi tupu, na hakunyamaza hata kidogo. Nikafunga haraka. Hiyo hatukuandika. Nilikuwa nimeshasema kisosi, nikaona imetosha.

Ijumaa, 13 Juni

Sista amesoma, akashika kichwa. Amesema mtu ambaye hageuki lazima mgongo umeanza kuchubuka. Atakuja mwenyewe Jumapili asubuhi kumwangalia. Nelima atabeba godoro la hewa. Jumapili! Siku zote za Mungu, akachagua Jumapili!

Jumamosi, 14 Juni

Unajua Baba Osewe na kanisa. Kila Jumapili Osewe kijana wake na wazee wawili wanamweka kwa mkokoteni, wanamwekea mto chini ya mguu, wanamsukuma mpaka mlangoni. Yeye ndiye anapiga ngoma. Nimemwomba akose kesho tu, moja peke yake. Akasema yawa, nyar Maragoli, binti wa Maragoli, mguu umekuwa wa mradi, ni sawa, lakini mikono bado ni yake.

Nikamwambia mkono haupigi ngoma kama mtu amezikwa. Akaniuliza mguu ukikatwa hospitali wanaupeleka wapi. Kama anaweza kupewa aupeleke Siaya, uzikwe penye yeye atazikwa, ama ataenda nusu nusu. Nilimkaangia omena nikarudi nyumbani.

Jumapili, 15 Juni

Andika polepole, hii ni ya aibu.

Saa nne nilifika, kitanda tupu. Ngoma nikaisikia kutoka kule kanisani, inalia vizuri kabisa. Nikasikia sauti ya Sista huko nje akiuliza njia. Ningefanya nini? Nikavua leso, nikavaa kofia ya mzee, nikaingia kwa blanketi mpaka kichwani. Nikaanza kuugua. Niliugua vizuri, hata wewe ungelia.

Sista akasalimia. Nikaguna. Akauliza mama mhudumu ako wapi. Nikaguna. Akasema ataanza na kidonda. Akafunua upande wa chini. Miguu miwili mizima, soksi ya maua!

Nelima aliangusha godoro. Alicheka mpaka akakaa juu yake. Akaniambia, shosho, huyu mgonjwa wako amepona mpaka amegeuka mwanamke.

Sista hakucheka. Hiyo ndiyo iliniuma. Alikaa kwa ukingo wa kitanda, akaniuliza mzee ako wapi. Nikasema kanisa, anasukumwa. Akasema kanisa inaruhusiwa! Kanisa, hospitali, matanga, zote zinaruhusiwa, bora asiweze kwenda peke yake. Akasema alifundisha hiyo siku ya kwanza ya mafunzo. Siku ya kwanza nilikuwa jikoni nikihesabu mandazi. Ukweli mtupu ungembakisha Baba Osewe kwa mradi. Kidonda vile iko, mkokoteni vile uko.

Akangoja mzee arudi, akamwosha mguu, akaona kidole. Akaniuliza kimekuwa cheusi tangu lini. Nikasema Alhamisi. Akaangalia fomu ya Alhamisi, akaangalia mimi. Akaandika barua apelekwe hospitali kesho mapema.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetolewa kazini. Lindi yote imepewa Nelima. Na mguu wa Baba Osewe umesimamishwa kwa mradi mpaka fomu zangu zichunguzwe, wiki mbili. Sista amesema amewaomba, wamekataa, wanasema fomu ni za uongo. Wiki mbili! Kidole kinahesabu wiki?

Lakini nimelala nikafikiria, Joan, na sasa nimeielewa hii kazi. Shida haikuwa uongo. Shida ilikuwa uongo wa kukaa nyumbani. Kama kanisa inaruhusiwa, basi tumweke kanisa. Chukua hizo fomu nyeupe nilitoka nazo. Andika Jumatatu alisukumwa kanisa. Jumanne kanisa. Jumatano matanga, tumpumzishe. Alhamisi kidole kilikuwa cheusi, nikaripoti mara moja. Eh, andika niliripoti. Haijaandikwa, haikufanyika, si ndio? Sasa ikiandikwa, imefanyika!

Nani huyo anagonga hivyo? Ni Osewe. Anasema hawajaenda hospitali, mzee alikataa asubuhi, na sasa anatetemeka, anaongea na watu hawako. Ananiita mimi. Mkokoteni uko nje.

Nakuja, Osewe! Mshike mguu juu, usimwekee blanketi! Joan, maliza hizo fomu. Mahali mimi huweka alama ya kidole gumba, weka chako. Wino ni wino.