Ramani ya Nangoloe

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Alawi ana ramani! Alawi, mtoto wa shangazi yangu, mtu ambaye kitabu cha mwisho alichomaliza kilikuwa cha darasa la nne, ana ramani ya Kifaransa ya mlango wa Ruvuma. Ya mwaka 1848. Karatasi yenyewe, si kopi. Mimi nimekusanya miaka thelathini, tangu nikiwa mtunza maktaba: picha kumi na moja za safari za Wafaransa, ramani nne, zote za pwani za watu wengine. Yeye kampikia pweza mgeni mmoja mpiga mbizi, mgeni akamwachia zawadi. Pweza!

Kaitundika barazani kwake Mikindani kwa misumari minne, kando ya kalenda ya saruji. Kichwa chini. Nikauliza kwa nini. Kasema bahari lazima ikae chini, maji hayapandi mlima.

Nikasogea. Miwani juu ya miwani. Ipo! Nangoloe, kisiwa chetu, mdomoni mwa mto, pima tatu za maji ubavuni, na kiduara kidogo: kisima. Nimeteka maji kwenye kisima kile. Mto ulikula kisiwa chote mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo sijaona karatasi hata moja inayokiri kwamba kiliwahi kuwapo. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa Ziwani, maana karani hakuiona Nangoloe kwenye orodha yake. Wajukuu wanadhani nimeitunga.

Nikampa Alawi picha mbili kwa ramani moja. Akanitazama kama niliyemtemea mate. Akasema yeye si duka. Maringo!

Jumanne, 5 Novemba

Mimi si mwizi. Mwizi huchukua asichokijua. Mimi nitabadilisha tu: yake kwangu, kopi kwake. Mtu anayetundika bahari kichwa chini hatajua tofauti.

Picha ya ramani ninayo kwenye simu. Alawi mwenyewe alijipanga pembeni yake akitabasamu (nimemkata). Nikachomoa karatasi tupu ya mwisho kwenye kitabu changu kikuukuu kuliko vyote. Roho iliniuma. Yustina wa duka la kopi akaichapa, akauliza kama ni mgogoro wa kiwanja. Nikamwambia ndiyo. Haikuwa uongo sana.

Imebaki kuizeesha. Wajinga hutumia chai. Chai! Mimi nitatumia maganda ya korosho. Rangi yake ni kahawia ya karne nzima.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekaa kwenye nchi ya korosho miaka sabini na moja. Ninajua utomvu wa maganda hubabua ngozi. Kwa hiyo nilivaa soksi mikononi. Soksi zimepitisha.

Mikono imevimba kama mihogo. Mwasiti, mke wangu, kanifunga bendeji hadi vidoleni, kisha akawaambia majirani wote wa mtaa wetu wa Magomeni kwamba mzee wake anajifunza kazi ya kubangua. Wamekuja kunipa pole wakicheka.

Lakini ramani! Nzuri mno. Imezeeka kuliko mimi.

Habari nyingine: baba mkwe wa Alawi, Mzee Ismaili, amefariki leo asubuhi. Miaka tisini na sita. Innalillahi. Hitma ni Jumamosi, hapo hapo barazani kwa Alawi. Na Alawi ni binamu yangu, kwa hiyo mtani wangu. Mtani msibani anabeba anachotaka, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika! Atakuja kukikomboa kwa kuku ndani ya siku tatu. Nami nitamrudishia kopi. Marehemu kanisaidia kuliko alivyopata kunisaidia akiwa hai.

Jumamosi, 9 Novemba

Ushindi! Niliingia naimba, bendeji juu, nikilia kwamba marehemu kaondoka na deni la pilau za misiba yote ya Mikindani, sasa nani atalilipa? Wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu. Nikang'oa misumari kwa meno. Alawi akapaza sauti: beba, mtani, beba na ukuta! Macho yake yalikuwa na machozi. Ya marehemu, bila shaka.

Ramani zote mbili ziko juu ya kabati, zimekunjwa sawa, zimefungwa uzi wa aina moja ili Mwasiti asishuku kitu. Akili ni mali.

Jumanne, 12 Novemba

Siku ya tatu imekwisha. Alawi hakuja. Hakuna kuku.

Mwasiti anasema jambo liko wazi: kisichokombolewa ni cha mtani, kwa hiyo ramani ni yangu, nikae nitulie. Mwasiti hana akili ya mkakati. Alawi ananyamaza ili siku moja aje kudai na wanawe watano. Nitamwahi. Nitampelekea kopi mwenyewe, aipokee mbele ya mashahidi, kesi ifungwe.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempelekea. Kabla ya kuondoka nilizifungua zote mbili. Macho yangu yana ukungu na bendeji haihisi karatasi, lakini jicho la mkusanyaji halidanganyiki: nilibakiza ile iliyochakaa zaidi.

Alawi alishangaa sana. Akasema mbele ya watu kwamba alikuwa ameniachia. Kwamba tangu mgeni aitoe alikuwa ananingoja niinyakue, kama tulivyonyang'anyana maembe kisimani Nangoloe, na mimi nikamletea biashara kama mgeni wa melini. Lakini maadamu nimeirudisha kwa miguu yangu, basi. Akaipigilia. Kichwa chini.

Maneno matamu ya mtu aliyeshindwa. Nimerudi nyumbani, nikaikunjua yangu kitandani, nikalaza shavu juu ya Nangoloe, nikalala usingizi wa mchana. Nilisikia kamba ikishuka kisimani.

Alhamisi, 14 Novemba

Shavu la kulia limebabuka. Duara moja, kubwa kama kisima.

Ramani ya miaka mia moja na sabini na sita haibabui mtu.

Mwasiti kacheka mpaka kakaa chini. Kisha akasema niende kwa Alawi nimweleze ukweli wote. Au, nikiona haya, ningoje arobaini ya Mzee Ismaili, niingie naimba, niing'oe tena, na safari hii nikae nayo. Alawi naye kaleta ujumbe huo huo: nije siku ya arobaini, misumari ameipiga kwa kulegeza.

Kulegeza! Ananichimbia shimo. Mimi, msomi, ningoje hisani ya mpika pweza? Kosa halikuwa mpango. Kosa lilikuwa soksi. Nimeagiza gunia la maganda kutoka Mahurunga, na kitabu kina karatasi tupu moja zaidi, ya mwanzoni.

Soksi nitavaa mbilimbili.