Nilivyosoma Ubao Mbele ya Mama Mkwe

Nimeadhirika leo, jamani. Mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. Nimiminieni rubisi kwanza niwaeleze, maana wake zenu walikuwepo na nyumbani watawapa habari yenye chumvi. (Chumvi haihitajiki. Kisa chenyewe kimekolea.)

Mnajua nasoma kisomo cha watu wazima pale kwenye jengo la kijiji. Nasoma kwa sababu moja: kijiji kimepewa nafasi moja ya kwenda Muleba kujifunza useremala, na asiyejua kusoma haendi. Mimi naitamani ile randa ya kulainishia mbao kuliko nyama ya Krismasi.

Sasa, darasa letu lina meza moja na kitabu kimoja katikati. Benchi liko upande wa mwalimu, na siku ya kwanza aliyewahi kuketi pale ni mama mkwe wangu, Ma Kokubanza. Niambieni nyinyi: mwanamume mzima nibanane na mama mkwe, paja kwa paja? Nikazunguka ng'ambo ya meza, nikakalia gogo. Kumtazama usoni nako ni utovu wa adabu, kwa hiyo miezi sita nimeinamia kitabu tu. Mwalimu Jastini akawa ananisifu: "Tazameni Ta Rwegoshora anavyojituma." Nami navimba.

Leo kaja mkaguzi kutoka Bukoba na nakala mpya za kitabu kile kile. Mmoja mmoja mbele, kitabu mkononi. Nikaitwa wa kwanza. Nikakohoa kama padri anayeanza mahubiri. Nikafungua. Nikaona vitu nisivyovijua kabisa.

"Bwana mkaguzi," nikasema, "hiki kitabu mmekichapa vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Herufi zimesimamia vichwa."

Nikakigeuza juu chini, nikaanza kusoma. Maneno yakatiririka: mbolea, choo bora, maji ya kuchemsha. Ukurasa mzima bila kukwama. Mkaguzi akakichukua kitabu chake.

"Huyu amekariri."

"Sijakariri."

"Mzee, mtu hasomi kitabu kilichopinduliwa. Soma hii." Akageuka, akaandika ubaoni sentensi yake mwenyewe.

Ule ubao umepigiliwa misumari ukutani. Haugeuki. Nikautazama, nikaiona randa yangu inakwenda kwa mtu mwingine. Roho iliniuma, nawaambieni kweli. Nikafikiri haraka (na hapo ndipo nilipoharibu): kama ubao haugeuki, basi nigeuke mimi.

Nikaupa mgongo. Nikatanua miguu. Nikainama mpaka utosi ukakaribia sakafu, nikachungulia katikati ya magoti, nikasoma kwa sauti: "Mkulima hodari huchimba shimo la mgomba kabla ya mvua."

Sahihi, kila neno. (Ngojeni kucheka, bado.) Pale nilipoinama nikaona viatu vya mkaguzi, na kando yake miguu miwili mitupu. Nikaitambua. Ma Kokubanza alikuwa ameitwa wa pili, amesimama karibu na ubao akingoja zamu yake. Hatua mbili tu. Miezi sita sijamtazama usoni kwa heshima, leo nimemwinulia makalio.

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia nje. Mke wangu Adelina alicheka kuliko wote (na huyo ndiye niliyemlipia mahari). Mwalimu Jastini ndiye aliyegundua. "Bwana mkaguzi," akasema, "huyu amejifunza akiwa ng'ambo ya meza. Kitabu hajawahi kukiona kikiwa wima."

Mkaguzi akapangusa machozi. "Kusoma anajua. Lakini seremala wa namna hii atatutengenezea meza zenye miguu hewani. Nampa mwezi mmoja aketi benchi la mwalimu kama wenzake. Nikirudi akanisomea wima, nafasi ni yake."

Benchi la mwalimu. Mnajua aliyepo pale. Nikasema mila hairuhusu, heri randa ipotee. Nikaanza kutoka.

Ma Kokubanza alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Hawezi kunisemesha moja kwa moja, kwa hiyo akamwita Adelina, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Mwambie mkwe wangu aje aketi hapa karibu nami. Kwa niliyoonyeshwa leo, ubavu wake ni heshima tupu."