Mama, Kuku Wake na Mkataba wa Mtani

Jumatatu, 1 Septemba
Ijumaa mkataba unakufa! Mwaka jana prodyuza Andrea wa Korogwe aliichukua hadithi yangu ya filamu, akanipa vijisenti vya kishika uchumba, tukaandikiana kwamba mwaka mzima asiiguse mwingine. Andrea ni Msambaa wa Lutindi, mimi Mzigua wa Chanika, Handeni. Watani. Aliposoma kile kifungu nilicheka mpaka machozi. Nikadhani ni utani. Nikasaini huku nacheka, nikarudi kuwachinjia majirani mbuzi. Mbuzi ameshasahaulika. Filamu haijapigwa hata picha moja.

Uchungu wangu ni mama. Hadithi ni yake: alivyotoroka Magoma akiwa binti, kuku kwapani, mkesha wa kuozwa kwa mzee asiyemtaka. Presha ya macho imeshamla jicho la kushoto. La kulia nalo linakwenda, daktari hakutuficha. Anataka kitu kimoja tu: ajione akitoroka.

Jumanne, 2 Septemba
Laurenti, mpiga video wa harusi hapa mjini, yuko tayari. Jumamosi tunaanza. Binti wa kuigiza amepatikana, kuku tumeazima kwa jirani. Laurenti kasema mama ataketi karibu kabisa na televisheni. Kazi yangu moja: nikae kimya mpaka Ijumaa ipite.

Nikae kimya! Na Andrea akitaka kuongeza mwaka? Lazima aichukie hadithi mwenyewe. Nina mpango.

Jumatano, 3 Septemba
Andrea hachoki kudai marekebisho. Kwanza kuku atoke, aingie mbwa. Kisha binti awe wa Dar, mwenye gari, kwa hiyo asitembee. Kisha wazazi wake wawe waelewa, kwa hiyo asitoroke. Leo nimempa marekebisho! Bwana harusi ni chatu. Kuku anaimba. Binti anakufa mwanzoni, anafufuka, anateuliwa waziri. Nimeona aibu kuisoma. Nimeituma.

Mama kauliza naandika nini. Nikamwambia namwokoa. Kaitikia ahsante, akapapasa ukuta kwenda jikoni.

Alhamisi, 4 Septemba
Balaa! Andrea kapiga simu, sauti inamtetemeka kwa furaha. Kasema mwaka mzima alikuwa anangoja kipaji changu kiamke. Anataka nifike Korogwe kesho tuongeze mwaka.

Laurenti kanisihi nisiende. Kasema mfungwa aliyebakiza siku moja haendi kumsalimia mkuu wa gereza. Nimemjibu naenda kukataa uso kwa uso, kiungwana. Ila nakiri humu, lile neno kipaji limenipendeza.

Ijumaa, 5 Septemba
Nilikataa. Naandika ili ijulikane: nilikataa, tena kwa sauti, hotelini, mbele ya wenzake wote.

Andrea hakubisha. Aliwageukia wenzake akawaomba wanisamehe, eti kwa Wazigua karatasi ni ya kufungia karanga, na kalamu ni ya kuchokonolea masikio. Meza nzima ikaangua kicheko. Sasa, mtani akikurushia hivyo ukanuna, umekwisha. Utasimuliwa mpaka Lushoto. Unajibu palepale. Nikamchomoa kalamu mfukoni, nikavuta karatasi yake, nikasaini kwa mwandiko wa madaha, nikapigia na mstari. Nikamwambia Wasambaa waje Handeni tuwafundishe kuandika. Watu walipiga makofi! Nilimshinda kabisa.

Nilikuwa kwenye basi la kurudi nilipokumbuka nilichosaini. Mwaka mwingine.

Jumapili, 7 Septemba
Laurenti hapokei simu. Kuku karudishwa kwa jirani. Nimepita mbele ya duka la Laurenti nikajifanya natafuta vocha. Kafunga mlango.

Jumatatu, 8 Septemba
Asubuhi mama kamimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina mezani huku anatuombea dua. Nikamshika mkono. Kauliza kama kumekucha. Jua lilikuwa dirishani.

Nilikwenda uani nikalia. Mimi ni mpumbavu. Mpumbavu wa kupindukia.

Jumanne, 9 Septemba
Jioni mama kaniita. Kasema mambo ya kuona basi tena, Mungu kapenda. Nimsomee tu. Ile hadithi ya kwanza, yenye kuku wake.

Nikaileta, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Kajiweka sawa, kajifunga khanga vizuri kama anayengoja wageni. Nikafungua kinywa. Mara nikakumbuka mkataba mpya: hadithi asisomewe mtu yeyote kabla ya filamu. Andrea akisikia nimesoma, si atasema Wazigua hatujui hata mikataba? Hapana. Hilo hatalipata.

Nikaifunga. Nikamwambia mama avute subira, mwaka si mrefu. Filamu ikitoka nitamkalisha mbele kabisa, aione vizuri.

Kailegeza khanga, kageukia ukutani. Nadhani furaha imemzidi.